Ukoo wako ulisali wapi? Dini na siasa za Masasi na Newala tangu 1876

SEHEMU YA 1

Niliahidi nikimaliza zamu za usiku nitawaletea historia badala ya mambo ya presha na upungufu wa damu. Leo natimiza. Uzi ni mrefu, chukua chai.

Kila Marekani wakifanya uchaguzi naona watu humu wanashangaa. Mbona wachungaji wanamwekea mikono mgombea? Mbona rais anaapa na Biblia? Si walisema kule dini na serikali haviingiliani? Ni kweli, katiba yao ilirekebishwa mwaka 1791 kwamba Bunge lisitunge sheria ya kuweka dini ya taifa. Lakini upande wa Massachusetts nchi ile ilianzwa na watu waliovuka bahari kwa ajili ya namna yao ya kusali, na kuanzia 1631 pale Massachusetts kama hukuwa mshirika wa kanisa hukupiga kura. Yaani dini ilifika kabla ya serikali, ikakaa kitini, serikali ikaikuta pale.

Mimi nikisoma hizo komenti nasema hawa ndugu hawajawahi kutazama rejista ya leba ya huku kwetu. Shika rejista yoyote ya Masasi au Newala. Utakuta Agatha, Barnaba, Kolumba. Ukishuka mstari mmoja, Somoe, Issa, Mwanahamisi. Halafu utakuta Hilda Hamisi, na Fatuma Yohana, na hakuna anayeshtuka. Hayo majina hayakuanguka toka mbinguni. Kila moja lina siku lilipoingia kwenye ukoo, na mara nyingi siku hiyo kulikuwa na jambo linatafutwa zaidi ya sala: usalama, shule, heshima, dawa.

Hata sisi wauguzi wagonjwa wanatuita "sista". Mwenzangu mmoja ni Muislamu safi, swala tano, na anaitwa sista kutwa nzima. Mkiniuliza kwa nini, jibu ni huu uzi.

SEHEMU YA 2

Tuanze na Masasi yenyewe. Mji huu, kwa namna tunavyoujua, ulianzishwa na watumwa walioachwa huru. Najua kuna wazee hawapendi kusikia hivyo. Vumilieni.

Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, Uingereza, akawataka vijana wa vyuo waje Afrika. Ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, ile tunayoiita UMCA. Safari yao ya kwanza, huko Nyasa, iliharibika: homa, njaa, vita vya biashara ya watumwa, na askofu wao Mackenzie akafa Januari 1862. Wakarudi nyuma, wakakaa Unguja kuanzia 1864. Pale kazi ikawakuta wenyewe. Meli za Kiingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa, na watoto waliokutwa humo wanaletwa misheni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kusaini mkataba, soko la watumwa likafungwa, na kanisa likaanza kujengwa palepale sokoni.

Sasa, watoto wakikua unawapeleka wapi? Wengi walikuwa wamenyakuliwa toka bara, Uyao na maeneo ya Ziwa Nyasa. Askofu Edward Steere, yule mtu wa Kiswahili, mwaka 1876 akachukua kundi la watu wapatao 50, wanaume kwa wanawake, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Mpango ulikuwa kuendelea mbele hadi karibu na kwao. Walipofika kwenye yale majabali ya Masasi, wakaona maji, wakaona udongo, wakasema: hapa panatosha.

Hapo napenda msome taratibu. Historia nyingi zimeandikwa kana kwamba Steere ndiye aliyeichagua Masasi. Lakini waliokuwa wanaamua kama wataendelea kutembea au la ni wale waliokuwa na mizigo kichwani. Watu waliouzwa kama mbuzi, jambo lao la kwanza kubwa kuamua wakiwa huru lilikuwa ni mahali pa kujenga. Na walipoamua, askofu alikubali.

Basi kikawa kijiji. Na kijiji kinataka mtu wa kuamua kesi: huyu kamchukulia mwenzake mke, yule kaiba mahindi, kuna mtumwa kamtoroka bwana wake kakimbilia misheni, na bwana amekuja na bunduki anamdai. Nani anaamua? Serikali haipo. Mjerumani bado hajafika. Mmishonari akajikuta ni padri asubuhi, hakimu mchana, jumbe jioni. Massachusetts tena, ila kwa mihogo.

Wapo waliodhani kuwa chini ya misheni ni ngome. Septemba 1882 Wangoni wa upande wa Songea, huku wakiitwa Wagwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma, wakaua, wakachukua mateka. Fikiria mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, kaokolewa baharini, kabatizwa, kapewa shamba, halafu anafungwa kamba tena. Misheni ikabaki na kazi ya kuwakomboa waliochukuliwa. Wengi wa waliobaki wakahamia juu, Newala, ambako kituo kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1878 kwa Matola, mkuu wa Wayao. Kwa miaka kadhaa Newala ndiyo ikawa makao. Wanaoijua Newala wanajua shida yake: hewa safi, Ruvuma unaiona kule chini, lakini maji ni ya kushuka na ndoo na kupanda nayo.

SEHEMU YA 3

Kuna mtu mmoja nataka mumjue. Cecil Majaliwa. (Msimchanganye na mheshimiwa wa Ruangwa.) Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakulia misheni Unguja, akasomeshwa hadi Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 akapewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, kwa mkuu wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 akawekwa kuwa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba.

Angalia hapo siasa ilivyo. Mtumwa wa zamani anarudi karibu na kwao akiwa padri, anajua kusoma, anajua Kiingereza, na mkuu wa nchi anakaa chini anamsikiliza. Katika jamii ambayo asili ya utumwa ilikuwa doa lisilofutika, hiyo ilikuwa ni mapinduzi bila risasi. Marekani wana kisa kinachofanana. Richard Allen alizaliwa mtumwa, akajinunua. Weupe walipowasukuma watu weusi katikati ya sala kanisani Philadelphia, akatoka na wenzake, na mwaka 1816 wakaunda kanisa lao wenyewe. Kanisa hilo lipo hadi leo, na makanisa ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kubeba harakati za akina Martin Luther King, ambaye naye alikuwa mchungaji. Aliyenyang'anywa kila kitu hushika lile alilopewa na kuligeuza liwe lake.

Si kila mkuu alifuata njia ya Nakaam. Machemba wa Luagala, juu hukohuko kwenye tambarare, alimwandikia Mjerumani barua mwaka 1890, kwa Kiswahili, akamkatalia kwenda kumnyenyekea. Alipigana, akapatana, akapigana tena, na mwisho mwaka 1899 akavuka Ruvuma kwenda upande wa Mreno.

SEHEMU YA 4

Ukisikia dini na siasa usifikirie msikiti na kanisa tu. Vita kubwa kuliko zote katika nchi hii ilianzishwa na mganga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa pepo na maji, aliwaambia watu wa makabila yasiyoelewana kwamba ni wamoja na kwamba dawa ya maji itashinda risasi. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, moto ukiwa umeshawaka. Siku chache baadaye Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wenzake wanne upande wa Liwale. Misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Masasi nayo ikachomwa mwezi huohuo, wazungu wa UMCA wakakimbilia Lindi.

Kwa nini wapiganaji wachome kanisa, wakati adui ni kodi na pamba ya Mjerumani? Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Kwa macho ya aliyeko shambani, mzungu ni mzungu, na Wabenediktini hasa walikuwa Wajerumani. Lakini pia dawa ya maji ilikuwa dini, na ilikuwa inashindana na dini.

Baada ya vita ikaja njaa. Wajerumani walichoma ghala na mashamba kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Mimi kama muuguzi ninapopima mzingo wa mkono wa juu wa watoto kwa ule utepe wa rangi tatu huwa nakumbuka hilo. Utapiamlo wa wakati ule ulipangwa ofisini.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Baada ya Majimaji, na zaidi baada ya vita ya kwanza ya dunia (ile iliyopita hapahapa kwetu: Mahiwa Oktoba 1917, kisha Newala, kisha Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma), watu wa vijijini huku wakaanza kuwa Waislamu kwa wingi. Hapakuwa na misheni ya Kiislamu yenye meli na fedha. Hapakuwa na askofu. Mtu mmoja kijijini alikwenda Lindi au Kilwa kufanya kazi au biashara, akajifunza kusali, akarudi, akajenga kibanda cha udongo na nyasi, akaanza kufundisha watoto alifu. Kijiji cha jirani kikaona, nacho kikatafuta mwalimu wake. Zikaja na dhikiri za tarika, Kadiria na Shadhilia.

Kwa nini? Wapo wanaosema "walilazimishwa na Waarabu". Waarabu gani, mwaka 1925, kwenye vichaka vya Newala, chini ya Mwingereza? Sababu iko karibu zaidi. Mtu wa pwani alikuwa akimwita mtu wa bara mshenzi, na mshenzi ndiye aliyeuzwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haifuti dharau. Ukisali kama yeye, ukavaa kanzu, ukazikwa kwa sanda na kusomewa, hakuna wa pwani atakayekuita mshenzi mbele ya watu. Walichukua dini ya waliokuwa wakiwadharau wakamnyang'anya huyo wa pwani ngazi aliyosimamia.

Ukilinganisha, ni kilekile walichofanya watu wa Majaliwa kwa upande wa kanisa. Njia mbili, kidonda kimoja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa njia moja, babu yangu mzaa baba wa nyingine, na mimi nimetokea katikati.

SEHEMU YA 5: JANDO

Hii mlikuwa mnaisubiri, naona inbox.

Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909, na Masasi ilipokuwa dayosisi peke yake mwaka 1926 akawa askofu wake wa kwanza, hadi 1944. Anasifiwa sana vitabuni kwamba ndiye "aliyebatiza" jando. Wamishonari wengi mahali pengine walikataza jando na unyago moja kwa moja. Yeye akasema hapana, tulichukue. Kambi ikawa na padri, matambiko kwa mizimu yakaondolewa, sala zikawekwa, mafundisho ya heshima kwa wazazi na kazi yakabaki, na ukataji ukasimamiwa kwa usafi na dawa.

Sifa zake ni za haki, lakini msimpe zote. Waliomwonyesha njia ni mapadri Waafrika, akina Kolumba Msigala, watu waliopita jandoni wenyewe na waliojua kipi kikiondolewa jando linakufa na kipi kikiondolewa hakuna atakayelia. Mzungu asingeweza kujua hilo, maana mambo ya kambini hayasemwi kwa asiyepita.

Na kulikuwa na hesabu ya kisiasa. Mtoto wa Kikristo akikatazwa jando, hakai nyumbani. Rafiki zake watamcheka, wasichana watamkataa, na jando la Kiislamu liko kijiji cha pili. Akienda huko anarudi ni Issa. Kanisa lilijua hivyo. Kwa hiyo jando la Kikristo lilikuwa mapatano na wazazi, waliokuwa na uwezo wa kuondoka wakaenda kwingine. Hata leo likizo za Juni na Desemba utaona wavulana wanaingia, wengine kwa padri, wengine kwa shehe, na anayewatahiri katika kambi nyingi ni mtumishi wa afya mmoja yuleyule.

Unyago ulikuwa mgumu zaidi kwao. Padri hawezi kuingia kwenye unyago, akatae akubali. Ukabaki mikononi mwa makungwi, na kwa maoni yangu ndiyo maana ulibadilika kidogo kuliko jando. Sisi wa kliniki ya wajawazito tunajua maana yake, tunapopokea binti wa miaka 15 anayesema "nimeshachezwa, mimi ni mkubwa". Hilo nitaliandikia uzi wake.

SEHEMU YA 6: SHULE NA HOSPITALI

Sasa tufike penye maumivu. Misheni ilikuja na vitu viwili ambavyo mwalimu wa chuo cha Kurani hakuwa na fedha ya kuvileta: shule na hospitali. UMCA walikuwa na Chidya, walikuwa na Ndwika kwa wasichana. Wabenediktini walijenga Ndanda kuanzia 1906, na Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kamili, akaja kufanya kazi pale. UMCA nao wakawa na Mkomaindo, na Lulindi ambako Dokta Leader Stirling alifika mwaka 1935.

Nimfupishe Stirling, ingawa anastahili kitabu. Daktari wa upasuaji toka London, akafanyia kazi kwenye jengo la nyasi, akafundisha vijana wa vijijini uuguzi. Sisi wenye diploma za leo ni wajukuu wa darasa lile. Baadaye akahamia Ukatoliki, akafanya kazi Mnero, akaingia siasa akiwa na TANU, na mwaka 1975 Nyerere akamteua Waziri wa Afya hadi 1980. Wakati wake serikali ilikuwa inasukuma zahanati vijijini, na mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za faida zikapigwa marufuku, lakini za mashirika ya dini zikaachwa. Ukiniuliza mimi, mtu aliyeanzia kwenye hospitali ya misheni msituni alijua nchi isingeweza siku moja bila hizo hospitali.

Lakini shule za misheni zilikuwa za nani? Wazee wengi wa Kiislamu huku wana simulizi ya mtoto aliyebadilishiwa jina ili apate nafasi. Wengine walikubali, ndiyo hao akina Hilda Hamisi. Wengine walikataa na mtoto akabaki na jembe. Uhuru ulipokuja 1961 kazi za ukarani, ualimu, uuguzi, udaktari, zilihitaji cheti, na cheti kilikuwa kimetolewa na misheni. Hakuna aliyekaa akapanga njama siku hiyo. Njama haikuhitajika tena, hesabu ilikuwa imeshafanyika miaka 50 nyuma.

Nyerere alilijua, na yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, mwalimu wa Pugu. Sheria ya elimu ya 1969 ilichukua shule za misheni, na kuanzia 1970 Chidya na Ndanda zikawa za kila mtoto. Upande wa pili, mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki ilipigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa, na wapo Waislamu ambao hadi leo hawajaisamehe serikali kwa hilo. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza dini zetu. Serikali iliamua swali hilo likae kimya. Katiba inasema nchi haina dini. Wananchi wanazo.

Hapohapo, askofu wetu wa 1960 hadi 1968 alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyepigana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Alikuja Masasi akamkuta Nyerere, wakawa marafiki. Toka 1964 vita ya FRELIMO ilipoanza ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi wakavuka huku. Alipoondoka, kiti kikachukuliwa na Mwafrika, Hilary Chisonga.

Halafu 1992. Hospitali za serikali zilikuwa na hali mbaya ya dawa, uchumi umebanwa, na serikali, chini ya Rais Mwinyi ambaye alikuwa Muislamu, ikasaini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Ndiyo maana leo unakuta Nyangao hospitali ni ya kanisa lakini sehemu ya watumishi wanalipwa na serikali, na inatumika kama hospitali ya halmashauri. Kwa mgonjwa ni jambo jema, nimeona kwa macho. Lakini Muislamu anayeuliza "kodi yangu inaingiaje kwenye taasisi ya kanisa, na mbona yangu haikupewa?" hana chuki. Anauliza swali la historia, na kumjibu "wewe mdini" ni uvivu. Jibu la kweli ni kwamba majengo yalikuwa pale, yalijengwa na fedha za Ulaya na migongo ya watu wa hapa, na serikali ikaona rahisi kuchangia yaliyopo kuliko kujenga mapya. Kama hilo ni haki au si haki, komenti ziko wazi, ila lugha iwe ya staha.

Kijana mmoja wa Lupaso, hapa Masasi, alizaliwa 1938, akasoma shule za Wabenediktini, Kigonsera na Ndanda, kisha Pugu. Benjamin Mkapa. Akawa Rais 1995 hadi 2005. Bila zile shule, mtoto wa Lupaso angefikaje Ikulu? Na ni huyohuyo ambaye serikali yake iliwapa Waislamu majengo yaliyokuwa ya TANESCO pale Morogoro, wakaanzisha chuo kikuu chao. Alifariki Julai 2020, na kaburi lake liko Lupaso.

Kesho naingia mchana, nitajibu maswali usiku. Wenye wazee wa zaidi ya miaka 80 nyumbani, waulizeni jina la kwanza la babu kabla hajabatizwa au kusilimu, mniandikie hapo chini.